Mbwa Mkubwa Anapokonda Ilhali Anakula

Manyoya ya German Shepherd huficha mengi. Chui, mbwa wetu wa ulinzi hapa Rau, Moshi, alikuwa amekonda kwa muda ambao siwezi kuutaja kwa uhakika, na sikutambua hadi Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, nilipokuwa nikimtoa kupe, vidole vyangu vilipopita mgongoni na kugusa pingili za uti moja baada ya nyingine. Kwa macho alionekana vilevile, kwani baridi ya msimu ule ilikuwa imemwotesha manyoya mazito. Tangu siku hiyo humwambia kila mwenye mbwa mkubwa asiyaamini macho yake, bali ampapase mnyama wake kila wiki. Mbavu zinapaswa kusikika chini ya vidole bila kubonyeza sana, lakini zisijitokeze kama fito za ukuta uliobanduka udongo.

Mbwa wa ukubwa huo habebeki kwenye mizani ya nyumbani, kwa hiyo nilimpeleka kwa mfanyabiashara wa mahindi mwenye mizani ya kupimia magunia. Ilisoma kilo 29. Kwenye kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ya mwaka uliotangulia, uzito ulioandikwa ulikuwa kilo 38. Mbwa akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake bila sababu inayoeleweka, hiyo tayari ni sababu ya kwenda kwa daktari wa mifugo; Chui alikuwa amepoteza karibu robo.

Badala ya kwenda kwa daktari, nilikwenda dukani. Nilinunua dawa ya minyoo, nikampa, na baada ya wiki tatu nikampa tena, huku kijana anayemlisha akinihakikishia kwamba Chui anamaliza bakuli lake na bado anatafuta zaidi. Maneno hayo yalinituliza, kumbe ndiyo yaliyopaswa kunishtua. Swali la kwanza la kujiuliza mbwa anapokonda ni kama anakula au hali, maana majibu hayo mawili hupeleka kwenye njia tofauti. Asiyekula anaweza kuwa na homa, jino bovu, figo zinazoshindwa kazi, au ugonjwa wa kupe, ambao humkondesha polepole, hufanya fizi ziwe nyeupe na wakati mwingine humtoa damu puani. (Akiwa anatokwa na mate na kushindwa kumeza, usimtie mkono kinywani kwa kudhani amekwamwa na mfupa, kichaa cha mbwa nacho huanza hivyo, kwa hiyo mfungie mahali salama na umwite daktari.) Anayekula vizuri na bado akakonda huenda ana minyoo, au kisukari, ambacho humfanya anywe maji mengi na kukojoa mara kwa mara, au chakula chenyewe hakimtoshi. Hili la mwisho ni la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu ugali wenye dagaa wachache hujaza tumbo la mbwa mkubwa bila kuujenga mwili wake. Pima mwenyewe kile anachopewa kwa wiki moja, na uwepo anapokula.

Nilipompeleka kwa daktari hatimaye, aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kinyesi chake kikoje? Nilikuwa nikikiona kila asubuhi karibu na mgomba. Kilikuwa kingi kupita kiasi, laini, cha rangi ya manjano iliyopauka, kinang'aa mafuta na kunuka vibaya, na mara mbili nilimkuta Chui akikila. Daktari alipima kinyesi kwa minyoo na damu kwa vimelea vya kupe, hakupata kitu, akanieleza kuwa anashuku kongosho. Kongosho ndilo linalotoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Vikikosekana, mbwa hula kutwa na kubaki na njaa, kwa sababu chakula kinapita tu. German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaojulikana zaidi kwa ugonjwa huu, na mara nyingi huwaanza wakiwa bado vijana. Chui alikuwa na miaka mitatu.

Dawa yake ni kumrudishia vimeng'enya hivyo katika kila mlo, maisha yake yote. Kuna vya unga, lakini kwetu kilichopatikana kwa urahisi ni kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni. Mara ya kwanza muuza nyama alinifungia bandama. Bandama ni refu, bapa na jekundu iliyoiva; kongosho ni la waridi lililopauka, lenye vinundu vinundu, na hukaa karibu na utumbo mwembamba. Sasa huomba nioneshwe kabla ya kufungiwa, na huchukua tu la mnyama aliyepitishwa na mkaguzi wa nyama, kwa sababu viungo vibichi visivyokaguliwa humpa mbwa aina ya tegu ambaye mayai yake yakimwingia binadamu huotesha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Nalikatakata, nagandisha kwenye friza kwa mafungu ambayo daktari alitupimia kulingana na uzito wa Chui, na fungu moja huyeyushwa na kuchanganywa na chakula kilichopoa kabisa. Ugali wa moto huua vimeng'enya, na hilo lilituharibia siku nne nzima kabla hatujaligundua. Pia alichomwa sindano za vitamini B12, ambayo mbwa wa namna hii hupungukiwa nayo, na chakula kikagawanywa mara mbili kwa siku bila pumba.

Kinyesi kilianza kushikana ndani ya wiki ya kwanza. Uzito ulichelewa zaidi; baada ya miezi mitatu mizani ya mahindi ilisoma kilo 35. Majirani wawili wameniomba apandishwe kwa majike yao, kwa kuwa sasa anapendeza, na wote wawili nimewakatalia na kuwaeleza kwamba ugonjwa huu unaweza kurithiwa na watoto wake.