Nani Atamvisha Viatu? Barua kwa Mwanangu Aliyeko Chicago

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza harakaharaka kama mzazi anayetafuta habari za afya, na mara ya pili polepole baada ya kuona kwamba uliyoniuliza si mambo madogo. Unasema mwenzako wa kazini, mama wa Kimeksiko anayeishi mtaa wa Pilsen, amekuomba uwe madrina, yaani mama mdhamini, wa viatu katika quinceañera, sherehe ya binti yake atakayetimiza miaka 15, nawe hujampa jibu kwa sababu unaogopa kushiriki katika jambo linalomtangaza mtoto kuwa ameiva kwa kuolewa. Unauliza pia kwa nini kaka yake mwenye miaka 17 hakuwahi kufanyiwa lolote. Halafu mwishoni, kana kwamba ni neno la pembeni tu, ukaongeza kuwa baba wa binti hayupo na ukoo unabishana nani atamvisha viatu hivyo. Mimi naona hilo la mwisho ndilo swali lenyewe, lakini niruhusu nilifikie kwa njia yangu.

Unajua kwamba mwaka 1994 nilipelekwa Meksiko kujifunza uzalishaji wa mbegu katika CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Texcoco, mashariki ya Jiji la Meksiko. Ninachokijua kuhusu sherehe hizi sikukipata darasani. Nilikipata nyumbani kwa fundi wa shamba aliyenifundisha kuchavusha mahindi kwa mkono, mtu aliyeweza kufunika mbelewele kwa mifuko ya karatasi mia mbili kabla mimi sijamaliza hamsini. Siku moja aliniambia binti yake anafikisha miaka 15 na kwamba angependa niwe padrino, yaani baba mdhamini, wa keki. Nilidhani nimepewa heshima ya kuikata. Kumbe padrino wa keki ndiye anayeilipia keki, na ile ilikuwa ya ghorofa tano! Posho yangu ya mwezi ule iliishia hapo, na tangu siku hiyo yule bwana hakuniita tena kwa jina langu, aliniita compadre.

Ninakusimulia hayo kwa sababu ombi ulilopewa halihusu viatu peke yake. Huko kuna padrino wa gauni, wa muziki, wa pete, wa medali, wa vinywaji, kila mmoja na kitu chake. Ukilinganisha na kadi zetu za mchango wa harusi, utaona kwamba kwetu fedha humezwa na kamati na mchangiaji hubaki jina kwenye daftari, ilhali kwao kitu ulichokitoa huonekana mbele ya watu na wewe hugeuka ndugu wa wazazi, comadre, mwenye haki ya kuulizwa ushauri na wajibu wa kufika msibani. Mama yule amekuchagua wewe, mgeni mwenzake katika mji wa baridi. Ukikataa, atakaloumia nalo si bei ya viatu.

Sasa nije kwenye hofu yako. Asubuhi huwa na misa ya shukrani, ambayo si sakramenti, na nimewasikia mapadre wakinung'unika kuhusu gharama za yale yanayofuata ukumbini. Hata hivyo Kanisa halikuipa kisogo desturi hii: mwaka 2007 Vatikani iliidhinisha utaratibu wa baraka ya kutimiza miaka 15 kwa ajili ya majimbo ya Marekani. Jioni binti hucheza valsi akizungukwa na wavulana waitwao chambelanes, hukabidhiwa mwanasesere wa mwisho, huvikwa taji, kisha hukalishwa kwenye kiti katikati ya ukumbi, na baba yake hupiga goti, akamvua viatu vya chini na kumvisha vya visigino. Mtu akiyatazama hayo kutoka mlangoni ataona unyago uliohamishiwa ukumbini, mwali akitolewa nje ili watu wamwone. Mimi mtoto wa Masasi nilifikiri hivyohivyo.

Hukukosea kabisa. Kuna kitabu cha picha kiitwacho Codex Mendoza, kilichochorwa Meksiko katika karne ya 16 muda mfupi baada ya Wahispania kuingia, ambacho sasa kinatunzwa Oxford. Kinaonyesha malezi ya watoto wa Kiazteki mwaka baada ya mwaka, na juu ya kila mtoto wamechora kiasi cha tortilla, yaani chapati za mahindi, alichostahili kula kwa umri wake (jambo lililonifurahisha mimi mtu wa mahindi kuliko mengine yote). Binti wa miaka 13 amepiga magoti akisaga mahindi, wa 14 anafuma nguo. Ukifunua ukurasa unaofuata, vijana wa kiume wa miaka 15 wanakabidhiwa kwa walimu wao, na chini yao bibi harusi anabebwa mgongoni kwa mwanga wa mienge. Mtawa Bernardino de Sahagún, aliyekusanya maneno ya wazee katika karne hiyohiyo, aliandika kuwa kitovu cha mtoto wa kiume kilizikwa uwanja wa vita, cha mtoto wa kike karibu na jiko. Lakini katika maandishi hayohayo kuna baba anayemwambia bintiye kuwa yeye ni mkufu wake wa thamani na unyoya wake wa ndege aitwaye quetzal kabla hajamtwisha orodha ndefu ya wajibu. Pendo na mzigo vilitoka katika kinywa kimoja.

Watu wengi watakuambia kwamba quinceañera imetoka moja kwa moja kwa Waazteki. Mimi sishikilii hivyo. Valsi, taji na gauni lililotuna ni mambo ya kasri za Ulaya, na wengine huyahusisha na Maximilian, kaizari aliyetoka Ulaya, na mkewe Carlota waliotawala kati ya mwaka 1864 na 1867, na matajiri wa zama za rais Porfirio Díaz waliopenda kila kilichotoka Ufaransa. Kwa matajiri hao sherehe ilikuwa kweli ya kumwonyesha binti kwa familia zenye wana wa kuoa. Watu wa kawaida walipoichukua katika karne ya 20 waliigeuza ikawa kitu kingine: siku moja ambayo mtoto wa fundi wa shamba anavaa kama binti mfalme na mtaa mzima unamshuhudia. Nimepita barabara ya República de Chile katikati ya Jiji la Meksiko, ambako madirisha ya maduka yamejaa magauni hayo kama mawingu ya rangi, nikawaona akina mama wakihesabu fedha walizodunduliza. Nyuso zao hazikuwa za watu wanaotafuta mkwe.

Kuhusu ndoa zenyewe, sheria yao ya shirikisho ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 na mvulana kuoa akiwa na 16. Mwaka 2014 sheria ya haki za watoto iliweka miaka 18 kwa wote, na mwaka 2019 sheria ya kiraia ya shirikisho nayo ikafuta ruhusa za chini ya hapo. Kabla hujawahukumu, kumbuka kwamba Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, umri uleule wa sherehe hii, tena bila valsi wala keki, na kwamba ilibidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu, iliyoamua mwaka 2016 kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliuunga mkono mwaka 2019.

Ukitaka kuona mzigo wa mwanamke wa Kimeksiko ulikuwa wapi, usitazame ukumbini, tazama jikoni. Kwa karne nyingi mahindi yalichemshwa kwa chokaa usiku na kusagwa alfajiri juu ya jiwe liitwalo metate, mwanamke akiwa amepiga magoti saa kadhaa kila siku ya maisha yake. Mashine za kusaga nixtamal, yaani hayo mahindi ya chokaa, zilipofika vijijini katika karne ya 20, wapo wanaume waliolalamika kwamba tortilla zimepoteza ladha, na pia kwamba mke asiye na la kusaga atazurura. Mpaka mwisho wa mwaka 1974 sheria ya kiraia ilisema mke angeweza kufanya kazi ya mshahara ikiwa tu haiharibu kazi zake za nyumbani. Lugha yenyewe bado inabeba mabaki: mwanamume anayesaidia jikoni huitwa mandilón, mtu wa aproni, na mwanamke asiyeolewa husemwa kuwa amebaki kuwavika watakatifu, yaani zile sanamu za kanisani. Katika sherehe ile ya Texcoco mama wa binti hakukaa kitini hata mara moja kuanzia alfajiri. Nilipomuuliza compadre wangu kwa nini, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mvua hunyesha. Mimi nami, nakiri, sikuinuka kubeba sahani.

Kuhusu kaka mtu, hapa kuna tofauti na kwetu, kwa kuwa sisi tuna jando na wao hawana kitu cha namna hiyo kanisani wala ukumbini. Mtoto wa kiume wa compadre alibeba makreti ya soda usiku kucha. Mwaka uliofuata alipotimiza miaka 18 alipanga foleni ya bahati nasibu ya jeshi, ambapo kijana huchaguliwa kwa mpira: ukipata mweupe unakwenda kwenye mafunzo kila Jumamosi, ukipata mweusi unasamehewa, na mwishowe wote hupewa kitambulisho kiitwacho cartilla. Yeye alipata mweupe. Baadaye akaelekea kaskazini, kuvuka mpaka, na katika vijiji vingi vya Meksiko safari hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha uanaume: aliyerudi na fedha amekua, aliyebaki bado mtoto. Binti aliaminiwa vya kutosha kufanyiwa sherehe lakini hakuaminiwa kutoka nje peke yake jioni, kaka yake aliruhusiwa kwenda popote na hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Mvulana wa miaka 17 unayemsema huenda anaitazama sherehe ya dada yake kwa jicho ambalo hajui kulieleza. Mpe neno siku hiyo.

Wala usidhani kwamba Meksiko ni moja. Huko Juchitán, katika shingo ya nchi ya Tehuantepec, soko limo mikononi mwa wanawake wa Kizapoteki, na kuna watu waitwao muxe, waliozaliwa wanaume lakini wakaishi na kuvaa kwa namna yao, wenye nafasi inayotambulika katika jamii. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 rais wa nchi ni mwanamke, Claudia Sheinbaum. Nao mabinti wenyewe wamekuwa wakipindua mambo: mmoja anaomba safari badala ya ukumbi, mwingine anamkataa mwanasesere, mwingine anacheza valsi na marafiki zake wa kike.

Basi kubali ombi hilo. Na kwa kuwa wewe ndiwe utakayebeba viatu juu ya kimto mpaka kwenye kiti, una sauti ambayo mjomba wala babu hana, ingawa usiitumie kwa kelele. Namkumbuka compadre wangu akipiga goti, udongo wa shamba ukiwa bado kwenye kucha zake, mikono ikimtetemeka hata gidamu ya kiatu ikamshinda kufunga. Watu walilia kwa sababu walijua mikono ile ilikuwa imemlea. Kwenye nyumba ya rafiki yako mikono iliyolea ni ya mama. Kaa naye faraghani, mwulize kama anataka kupiga goti mwenyewe, na kama anataka, siku hiyo mpelekee yeye viatu moja kwa moja bila kusubiri mjadala uanze upya. Na kabla ya hapo mtafutie mtu wa kumpokea jikoni.

Uliza namba ya mguu mapema, na chagua visigino vifupi, maana atavichezea hadi usiku wa manane. Nitakutumia kiasi kidogo kupitia kwa mjomba wako, usinunue vya bei rahisi.

Baba yako