Sijazaa, mbona mkojo unanitoka nikiruka kamba?

SWALI: Dada, shikamoo. Nina miaka 23, naishi Kisauni, sijaolewa wala sijazaa. Nikiruka kamba au nikipiga chafya, mkojo kidogo hunitoka. Nimefanya mazoezi ya kukaza niliyoyaona kwenye simu, lakini hali imezidi na sasa nina maumivu chini ya kitovu. Shoga yangu asema nimelegea, nitumie shabu. Hata udhu wangu hautulii. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo neno la shoga yako, maana najua linauma. Kuvuja mkojo hakumwambii mtu chochote kuhusu ubikira wako wala tabia yako. Na shabu iache kabisa: hukausha na kuwasha ngozi laini, na msuli haiufikii.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, nayo hubeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Ifikirie kama kitanda cha kamba. Kamba zikilegea, mtu huzama. Zikivutwa kupita kiasi, hazinesi tena. Unapotua chini baada ya kuruka, shinikizo la tumbo hupanda ghafla, na misuli hii yatakiwa ijikaze papo hapo. Iliyokwisha kujikaza tangu asubuhi haina nafasi ya kujikaza zaidi, basi mkojo huponyoka. Ndiyo maana hata wanariadha vijana ambao hawajazaa, hasa wa michezo ya kuruka, hupatwa na hali hii.

Maumivu yako yaliyoanza baada ya mazoezi yanifanya nishuku kwamba misuli yako imekaza, haikulegea. Je, mkojo huchelewa kuanza, au hukatika katikati? Choo kigumu? Siku nzima watembea umebana tumbo lionekane bapa? Hizo zote ni dalili za upande huo. Lakini pima mkojo kwanza, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta maumivu na kuvuja, na dawa yake ni nyingine.

Mazoezi hayo ya kukaza yalienezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel, aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Yeye alitumia kifaa cha kupima shinikizo, ili mwanamke aone kama anakaza msuli unaotakiwa. Kwenye simu kimebaki kukaza tu, kipimo kimeachwa, na mimi naona hilo linawaumiza wasichana wengi.

Kwa sasa acha kukaza, na kamba uipumzishe. Lala chali, magoti juu, vuta pumzi kwa pua hadi mbavu na tumbo vifure, usikie sehemu ya chini ikishuka na kulegea. Dakika tano, asubuhi na usiku. Ukiinua mtungi wa maji wa lita 20, usizuie pumzi: toa pumzi huku ukiinua. Chooni usijikamue, kama choo ni cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu. Maji usipunguze, hasa kwa joto letu la Mombasa, kwani mkojo mzito hukiwasha kibofu.

Maumivu yakiisha, ndipo uanze kukaza kama mtu anayezuia upepo wa tumbo usitoke kwa nyuma. Kaza, kisha achia kabisa, na kuachia kuchukue muda ule ule wa kukaza. Mara nane, kwa awamu tatu kila siku, na uipe miezi mitatu. Chafya ikikujia, kaza kabla haijatoka. Usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo chooni, hilo hukivuruga kibofu.

Ni bora zaidi uonwe na mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea mambo ya nyonga. Ulizia katika hospitali ya rufaa. Uchunguzi wa ndani haufanywi bila ridhaa yako, na misuli yaweza kuangaliwa kwa nje kwa mashine ya utrasaundi. La udhu mpelekee ustadhi unayemwamini, umweleze hali ilivyo bila haya. Masuala ya wenye udhuru wa mkojo si mageni kwao.

Ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali bila kukawia. Ukishindwa kabisa kukojoa, miguu ikiishiwa nguvu, au ukifa ganzi sehemu za siri na makalio, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.