Kuwahoji wazazi kuhusu degedege

Ndugu, umeuliza kwa nini kina mama uliowahoji Bagamoyo wanakujibu "degedege ni malaria", ilhali mtoto akishikwa hupelekwa kwa mganga kwanza. Kasoro iko kwenye swali. Ukiuliza chanzo unapewa jibu la zahanati, maana wanakuona mtu wa zahanati.

Tangu miaka ya 1970 Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, ametenganisha ugonjwa anaoupima daktari na maradhi yanayomsibu mtu pamoja na jamaa zake. Pwani mambo haya huachana waziwazi: homa ni ya hospitali, lakini mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wapo wanaosema ni shetani, na kwamba sindano itamuua.

Basi anza na tukio la mwisho, hatua kwa hatua: nani aliona kwanza, mliiita nini hali ile, mlifanya nini kabla ya kutoka nyumbani, mlihofia nini hasa. Hilo la hofu ndilo litakaloitoa ile habari ya sindano. Mhoji mama peke yake, kisha bibi, kisha baba. Wakikaa pamoja atasema mmoja tu, na aliyeamua au kushika nauli hutamjua.

Ukikuta mtoto yuko kwenye degedege, funga daftari, apelekwe hospitali.