Ukishachanja watu, rudi kesho yake

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Ngaramtoni, Arusha, ambaye ndiyo kwanza ameanza kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anasema kila akigusia chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti, anajibiwa, "Nyie si ndio wale wa korona?" Baba mmoja kamfungia geti kabisa. Anauliza sisi tuliochanja watu kipindi kile tuliwezaje.

Mdogo wangu, hilo la geti nalijua. Mimi ni nesi kwenye zahanati huku Kibosho, Kilimanjaro, na mwaka 2021 niliambiwa makubwa kuliko hayo.

Tukumbushane kwanza tulikotoka, maana wananchi hawajasahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, tena hapo hapo kwenu Arusha. Haikupita miezi miwili takwimu zikaacha kutolewa, tukabaki na nyungu, tangawizi na malimao. Januari 27, 2021, Rais Magufuli akiwa Chato alisema waziwazi kwamba chanjo hazifai. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu, siku nne baada ya dozi zaidi ya milioni 1 za Johnson & Johnson kuwasili. Nusu mwaka tu! Halafu tunamshangaa mtu akiuliza maswali?

Swali hilo niliulizwa na bibi mmoja wa kitongoji cha juu ya zahanati yetu. Nilimkuta uani anamenya ndizi za mtori, ng'ombe bandani analia njaa. Hakuinua hata macho. "Mwanangu, Januari haifai, sasa hivi inafaa. Imebadilika dawa au mmebadilika nyie?"

Niligeuza ndoo nikakalia, nikaomba kisu, tukamenya wote. Nikamwambia dawa ni ileile. Uongozi ndio uliobadilika, na kamati ya wataalamu ilikaa ikashauri chanjo iletwe. Nikamwambia pia kwamba Marekani waliisimamisha hiyo Johnson kwa siku chache mwezi Aprili kuchunguza habari za damu kuganda, wakaona ni jambo linalotokea kwa nadra sana, wakairuhusu tena. Sikumficha kitu. Mkono utauma, na homa inaweza kuja usiku.

Hapo ndipo akaweka kisu chini. "Nikilala na homa, ng'ombe atakatiwa majani na nani?"

Vijiweni watu wanabishana kuhusu mazombi na ugumba, kumbe mwenzangu anawaza majani! Watoto wake wako Dar es Salaam, wanakuja nyumbani Desemba tu. Tukapanga Jumamosi, siku ambayo mjukuu wake wa sekondari yuko nyumbani. Akachanjwa. Homa ikampata kweli, na Jumapili baada ya misa nikapita kumjulia hali na dawa ya kutuliza. Alinipokea akicheka, "Umesema itakuja, imekuja." Wiki iliyofuata alishuka zahanati na wenzake wa jumuiya, wengine wagonjwa wa kisukari na presha ambao nilishawasihi hadi nikachoka. Hadi leo naona fahari kwa siku ile, na sitaona haya kuisema.

Kwa hiyo rudi kesho yake. Mtu akichanjwa halafu akaumwa usiku peke yake, asubuhi kijiji kizima kitakuwa na habari yake, na habari hiyo itakuwa kubwa kuliko matangazo yote ya redio.

Yako mengine. Waongoza watalii, madereva na wapagazi wa mlimani wengi waliwahi mapema kwa sababu ya kazi. Mgeni anauliza kama umechanja, na msimu haukusubiri. Ile fomu ya kusaini kwamba umekubali kwa hiari iliwatisha watu kuliko sindano: "Kama ni salama, mnanisainisha ya nini?" Na dini nazo zilivuta huku na huku. Askofu Gwajima, mbunge wa Kawe wakati huo, alikuwa akiipinga hadharani, na video zake zilifika mpaka migombani kwetu. Huku paroko wetu aliisemea vizuri kwenye matangazo ya misa. Kila mmoja akamfuata anayemwamini.

Nami iliniuma, nisikudanganye. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp shemeji yangu aliandika kwamba nalipwa kwa kila kichwa ninachochoma. Hakuna aliyemkanya. Kwenye msiba uliofuata nilimpa mkono akaupita, akamsalimia aliyesimama nyuma yangu. Hajawahi kulirudia jambo lile, na mimi sikumfuata. Lakini mama yake alipotaka kuchanjwa alinipigia simu mimi, nikaenda.

Sasa nyie mlioingia kazini jana, acheni kuwaita watu wajinga. Mtu anayekuuliza maswali bado anakusikiliza. Kaeni, mwambieni ukweli pamoja na ule usiopendeza, mwulizeni anaogopa nini, na rudini.

Kwenye hiyo chanjo ya mabinti una silaha ambayo sisi hatukuwa nayo. Kilimanjaro ndio mkoa uliotangulia kuipokea mwaka 2014, kabla haijaenda nchi nzima 2018. Wakati ule nasi tuliambiwa tunawafanya watoto wa watu wagumba. Wasichana wale sasa ni watu wazima, na wengine nawapimia watoto wao uzito kliniki. Mwambie huyo baba hivyo.

Ila usimwendee na mtendaji wala mwenyekiti. Akiona serikali imesimama mlangoni atafunga na dirisha. Nenda jioni akishatoka kazini, peke yako au na mama jirani mwenye binti aliyekwishachanjwa. Akikataa tena, muage vizuri, mwachie namba yako ya simu. Dozi sasa ni moja tu, kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, kwa hiyo kama wake ana miaka 10 bado una muda wa kutosha wa kupita hapo.