Mkuu, usiwagawie mbegu ya shamba zima

Simamisha hiyo ratiba ya semina uliyoiweka hapa kwenye uzi kabla hujafika mbali. Umeuliza misingi ya elimu ya ugani, yaani kuwafundisha wakulima mbinu za kilimo, ni ipi, lengo lake ni nini, mbinu zipi zinafaa na ripoti ya tathmini iandikweje. Mimi nimeng'ang'ania ile aya yako ya mwisho, uliyoiandika kana kwamba ni jambo dogo: semina ya siku tatu kwa wakulima themanini, halafu kila mmoja aondoke na mbegu chotara ya kutosha shamba lake lote "ili matokeo yaonekane haraka". Nimeirudia mara mbili na moyo ukanienda mbio. Hayo ndiyo niliyoyafanya mimi, na kuna familia zilizolala njaa kwa sababu yangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Mradi ulionituma ulitaka namba: wangapi wamehudhuria, wangapi wamepokea mbegu, hekta ngapi zimepandwa. Tulipewa makabrasha, jedwali la mavuno ya kituo cha utafiti, na maelekezo yasiyohojiwa. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, mche mmoja kila shimo, yaani mimea kama 44,000 kwa hekta. Mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia. Na marufuku kuchanganya mahindi na kunde. Jedwali lenyewe halikuwa la uongo. Lilikuwa kweli kwa shamba la kituo, lenye vibarua wa kupalilia kwa wakati na maji ya kumwagilia mvua ikichelewa. Hilo la maji hakuna aliyetuambia, nami sikuuliza.

Siku ya semina, mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii inakaa shambani siku ngapi?" Nikamjibu, kama siku 130, lakini mama, mavuno yake ni maradufu. Akasema, "Yetu inakaa tisini." Akanyamaza akisubiri nimjibu. Mimi nikaona ananichelewesha, nikarudi kwenye jedwali langu.

Katika siku zote tatu swali lile ndilo lilikuwa somo, na aliyelifundisha ni yeye.

Wakapanda. Mvua zilianza vizuri, mahindi yakawa na rangi ambayo wengi walisema hawajawahi kuiona. Nikapiga picha za ripoti, bosi wangu akazifurahia. Kisha mvua ikakatika wakati ule ule mbelewele zinachomoza na magunzi yanatoa nywele. Kwa mahindi hakuna wakati mbaya kuliko huo. Ukame ukiyakuta katika wiki mbili za kabla na za baada ya nywele kutoka, nywele hukauka au huchelewa, chavua haishiki, na punje ambayo haikushika siku zile hata mvua ikirudi haitakuwepo. Mbegu yao ya siku tisini ingekuwa imeshapita kipindi hicho. Kunde nilizozikataza zinavumilia ukavu kuliko mahindi, zingewapa hata kidogo. Wakabaki na mabua marefu, magunzi ya punje za kuhesabu kwa vidole, na deni la mbolea ambalo mimi ndiye niliyewashawishi walichukue.

Anayeniuma zaidi moyoni ni baba mmoja aliyeniamini kuliko wote. Alipanda eneo lake lote, hakubakiza hata kona. Ili alipe deni akauza ng'ombe wake wa kulimia. Msimu uliofuata akalima kwa jembe la mkono, akafikia nusu ya eneo. Kwa hiyo hasara yangu haikuishia mwaka ule. Ilimfuata mwaka wa pili na wa tatu, na katika ripoti ya mradi yeye alihesabiwa miongoni mwa "waliopokea teknolojia". Hakuwahi kunitukana. Alikuwa akiniona barabarani ananisalimia kwa heshima na kupita, na mimi ningependa angenitukana.

Hasira zangu ni kwa wale waliotufundisha kwamba kazi ya ugani ni kubeba ujumbe kutoka juu na kuushusha. Watu wazima, wasomi, wenye uzoefu wa miaka mingi, wakatutuma kwa wakulima tukiwa na majibu mkononi na bila swali hata moja. Na hawawezi kusema hawakujua, maana funzo lilikuwepo tangu zamani. Mwaka 1903, kule Terrell, Texas, Seaman Knapp, mtaalamu wa kilimo wa serikali ya Marekani, alitaka wakulima wabadilishe namna ya kulima. Serikali ilikuwa tayari na mashamba yake ya maonyesho, lakini wakulima waliyatazama na kuondoka, kwa sababu lile ni shamba la serikali, likifeli hakuna mtoto anayelala njaa. Knapp akakubaliana na mkulima mmoja, Walter Porter, atumie njia mpya kwenye sehemu ya shamba lake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe. Wafanyabiashara wa mji wakachanga dola 1,000 za kumfidia akipata hasara. Soma tena hapo. Kabla ya kuzungumzia mavuno, walizungumzia nani atabeba hasara. Porter alipata faida, dhamana haikuguswa, na kutoka kwenye shamba lile njia hiyo ikaenea, hadi sheria ya mwaka 1914 ikaanzisha huduma ya ugani ya Marekani nzima.

Indonesia walijifunza kwa maumivu yao. Dawa za kuua wadudu kwenye mpunga ziliua pia buibui na maadui wengine wa wadudu waharibifu, na wadudu wadogo wa kahawia wanaofyonza mpunga wakafumuka. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yakaanza mashamba darasa: kikundi cha wakulima wapatao 25, kila wiki, msimu mzima, vipande viwili vimekaa bega kwa bega, kimoja cha njia mpya, kimoja cha njia yao. Wanahesabu wadudu wenyewe, wanachora walichokiona, wanabishana, wanaamua. Mwezeshaji hatoi hotuba. Linganisha na siku zako tatu ukumbini.

Sasa misingi uliyoiulizia, kwa ufupi. Anza na shida anayoiona mkulima, siyo uliyotumwa nayo. Mtu mzima hujifunza kwa kutenda. Kushiriki ni hiari. Habari ziende pande zote mbili, swali la mkulima lirudi kwa mtafiti. Lengo ni mkulima aweze kupima na kuamua bila wewe kuwepo. Vitabu vitakupa orodha ndefu kuliko hii, na yote ni sahihi, nami niliyajibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri kabla ya kwenda kuharibu msimu wa watu.

Ninachokuomba ukishike ni hiki kimoja: usimshauri mkulima abadilishe shamba zima kwa jambo ambalo hajalijaribu mwenyewe kwenye kipande chake, msimu mzima, kando ya mbegu yake. Hatua kumi kwa kumi zinatosha. Vipande viwili vipandwe siku moja, vipaliliwe siku moja, na avune na kupima yeye. Badilisha jambo moja tu kwa wakati. Ukimbadilishia mbegu, nafasi na mbolea kwa mpigo, mavuno yakipanda hatajua kilichoyapandisha, yakishuka hatajua kilichoyashusha, na wewe pia hutajua. Andikeni na siku za kazi, maana mavuno yaliyoongezeka kwa palizi mbili za ziada si ya bure. Tena ita wale wanaopalilia, maana mimi niliwafundisha wenye mashamba huku wenye majembe wakiwa hawamo ukumbini.

Yule mama wa swali, alichukua mbegu yangu kwa adabu na kupanda mistari minne. Mistari miwili juu, miwili chini bondeni kando ya mto, sehemu nyingine yote akaweka mbegu yake na kunde. Juu, mistari yangu ilikufa kama ya wengine. Bondeni ilibeba magunzi makubwa. Mwaka uliofuata aliniambia, "Mbegu yako si mbaya, mwalimu, wewe ndiye hukuuliza inataka kukaa wapi." Leo wengi pale wanaipanda bondeni, na mlimani wamebaki na ya siku tisini. Hakuna aliyejifunza hilo kwangu. Walijifunza kwa kutembelea mistari yake minne.

Najua watakuambia bajeti ya semina imeshapitishwa na mbegu zimeshanunuliwa. Mbegu zigawe kwenye pakiti ndogo, nyingine zirudi stoo. Bosi akitaka namba, mpe idadi ya vipande vilivyopimwa pande zote mbili, na usione haya vikiwa 25 badala ya hekta mia mbili. Na kabla ya kufungua pakiti ya kwanza, keti na wale wakulima uwaulize mbegu yao inakaa siku ngapi shambani, mvua hukatika lini, na mwaka ambao mambo yaliharibika walinusurika kwa njia gani. Ukishapata majibu rudi hapa kwenye uzi huu utuandikie walivyosema, hata kama ni usiku nitasoma.