Kiguu na njia kama wewe, anza na Lushoto

Mdogo wangu, unasema uko Dar, una siku nne za likizo na mshahara wa kubana, na nyumbani wanakuambia kusafiri bila msiba wala harusi ni kuchezea hela. Waache waseme. Mimi nilisubiri nauli ya Dubai mpaka nikaota mvi.

Nenda Lushoto, mji wa milima ya Usambara, mkoani Tanga. Panda basi la asubuhi. Ukifika Mombo, barabara inaliacha joto la bondeni na kuanza kujipinda mlimani, kilomita 30 na ushei, korongo upande mmoja, jabali upande wa pili. Kaa dirishani! Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo beba sweta. Julai utaulizia blanketi la pili. Wajerumani waliokimbia joto la pwani waliuita Wilhelmstal. Kesho yake tembea kwa miguu hadi Irente: unasimama ukingoni, na chini kabisa nyika ya Wamasai imetandikwa kama mkeka.

Nunua pia daftari. Andika uliyekutana naye, ulichokula, nauli uliyolipa. Langu ninalo bado. Simu yenye picha zote ilichopolewa stendi.