Amoksilini ya Tanga, homa ya Leicester

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Leicester, Uingereza. Mume wangu ana miaka 24, wiki ya tatu sasa yuko kitandani: koo, mitoki ya shingoni, uchovu. Damu imepimwa, wamesema ni homa ya tezi, akapewa panadol tu. Mama yangu anasisitiza kwa simu nimpe amoksilini niliyokuja nayo kutoka Tanga. Nimpe? Nami nitaambukizwa? Anauliza mpira atarudi lini.

JIBU: Marahaba. Usimpe. Homa hii huletwa na kirusi cha Epstein-Barr, na amoksilini haiui virusi. Tena mgonjwa wa homa hii akiimeza, mara nyingi hutokwa na vipele vyekundu mwili mzima. Watu husema ana mzio wa penisilini, kundi la dawa lenye amoksilini, na neno hilo likishaandikwa kwenye faili halifutiki kirahisi. Mama simlaumu. Ukimulika koo hilo kwa tochi utaona utando mweupe kama wa mafindofindo, hata sisi hutuchanganya.

Kirusi chenyewe husafiri kwa mate. Kwetu watoto wengi hukipata wakiwa wadogo sana bila hata kulazwa, na aliyekwisha kukipata kwa kawaida haugui homa hii tena. Wewe uliyekulia Tanga huenda mlishamalizana zamani. Uingereza wengi hukutana nacho ujanani, na hapo ndipo kinapomwangusha mtu. Asitumie kikombe kimoja na wengine, lakini kumhamishia chumba kingine hakuna haja.

Mpira ndio unaonitia wasiwasi. Bandama huvimba, iko chini ya mbavu za kushoto, na kiwiko kimoja cha beki chaweza kuipasua. Asicheze wala kubeba vizito kwa angalau mwezi tangu alipoanza kuumwa, kisha daktari wake ndiye aamue. Akipata maumivu makali ya ghafla tumboni upande wa kushoto au kwenye bega la kushoto, au akashindwa kupumua au kumeza mate, piga 999.

Panadol za miligramu 500 zisizidi 8 kwa saa 24, na soma paketi za dawa za mafua, nyingi zina paracetamol hiyo hiyo. Pombe aache, ini nalo limeguswa. Kama hakupimwa VVU, aombe kipimo. Maambukizi mapya ya VVU huweza kuanza na dalili kama hizi.

Uchovu huweza kuburuta wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Siku akiamka na nguvu atataka kufua, kupika na kurudi kazini kwa mpigo, kesho yake asiinuke. Mpe kazi moja tu, kisha alale. Na uji wake upoe kwanza, koo hilo halitaki moto.